Kahawa Bila Iliki

Mbeya, 8 Septemba 2025

Shangazi mpendwa,

Kabla hujasoma zaidi nakuomba kwa heshima: funga mlango, soma peke yako, na neno hata moja lisimfikie jirani yako Juliana wala mtu wa kwaya. Ukimaliza, itie barua jikoni iungue. Sikupigi simu kwa sababu unaisikiliza kwa spika, na Ipogolo nzima inasikia. Barua hii nimempa Ambrosi, kondakta wa basi la Iringa. Ni mtu wa kuaminika, na hajui kilichomo.

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na kuku wanataga. Mimi mwili ni mzima, usingizi ndio sina.

Kazi yangu unaijua: karani wa chumba cha kuonjea, kwenye ghala la kahawa la wakulima. Wanunuzi wakija, namtengenezea kila mmoja kwa mtindo wa kwao, nyeusi, bila maziwa. Mturuki: unga laini kama vumbi, kibirika kidogo cha shaba, povu lipande mara mbili, machicha yabaki kikombeni. Muitaliano: mashine inayosukuma maji kwa nguvu, mafunda mawili tu, mazito. Muethiopia: mtungi mweusi wa udongo. Mjapani: chujio la karatasi, maji unayamwaga taratibu ukizungusha, matone yanashuka yenyewe. Nimejifunza yote, na nilikuwa najivunia.

Sasa kosa langu. Mwezi uliopita niliona fukusi wakitambaa juu ya magunia sitini ya kahawa. Walitoka ghala la mahindi la jirani. Kahawa wala hawaili. Sikufikiri. Nilimwambia Budeba, mtunza ghala, "Tia dawa, kama tunavyotia mahindi nyumbani." Kwao Usangu nao wanatia hivyohivyo, basi hakuuliza. Alifungua gunia moja baada ya jingine akachanganya kwa koleo. Sasa kila sampuli ninayoikaanga inanuka dawa.

Nilimwambia meneja, Bwana Lugano. Hakufoka. Aliuliza tu, "Nani mwingine anajua?" Kisha akasema, "Wageni wanakuja Alhamisi ya tarehe kumi na nane. Wote utawapikia Kituruki, na iliki ya kutosha. Iliki inafunika."

Watu wataenda kuinywa kahawa hii, Shangazi. Nifanyeje?

Mwanao,
Anord


Ipogolo, 12 Septemba 2025

Mwanangu Anord,

Kamwene. Marahaba. Mguu unauma kama kawaida yake, kuku wanataga, barua imeungua. Juliana alikuja mbio. "Dada Tekla, unachoma nini?" Nikamwambia nachoma bili ya maji. Akasema basi aniletee na ya kwake.

Nijibu kwanza hili: umeinywa? Ulinisimulia kwamba waonjaji wanavuta kwa kijiko na kutema, nikacheka. Lakini nakujua. Nilikuchapa ulipotema chakula cha watu, ukakoma. Kama umekuwa ukimeza, nenda hospitali leo hii.

Pili, dawa ile nilikufundisha mimi. Unakumbuka ulipokuwa darasa la tano, yale mahindi niliyoyapeleka mashineni kabla siku za dawa hazijatimia? Jirani yetu Bertha aliokota pumba akawapa kuku wake, wakafa saba. Hakuna aliyejua ni mahindi yangu. Siku mbili nilipita njia ya nyuma nisikutane naye. Siku ya tatu nilikamata kuku wangu saba nikampelekea, nikamwambia. Alinitukana mpaka nikasahau jina langu. Lakini Jumapili alikaa benchi moja nami.

Sikuambii ufanye nini, wewe ndiye uliyesoma. Mimi kahawa naijua ya sufuria tu, na sijawahi kummiminia mtu kikombe ambacho nisingekinywa mwenyewe.

Shangazi yako,
Tekla


Mbeya, 17 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Ndiyo, nilikuwa nameza. Wenzangu wanatema kwenye ndoo, mimi nikijaribu koo linakataa. Nimekwenda hospitali, wamenipima damu, daktari amesema nisiiguse tena.

Leo saa ya chakula nilibaki peke yangu, nikaipika kwa kila mtindo, nikinusa tu. Kituruki na iliki, huhisi kitu. Ya mashine ina ukali unaoficha. Mtungi wa Kiethiopia, na ubani ukifuka pembeni kama desturi yao, huwezi kujua kabisa. Chujio la karatasi ndilo halina huruma. Kahawa inatoka nyepesi kama chai ya rangi, na harufu ya dawa inabaki peke yake juu ya kikombe.

Lugano alinikuta naosha vyombo.

"Karani, unampikia nani?"

"Najifunza, bosi."

"Umesoma sana wewe." Akatabasamu. "Shangazi yako bado yuko Ipogolo, pale karibu na kanisa?"

Sijawahi kumtajia Ipogolo.

Baadaye alimfukuza Budeba, akaandika karatasi kwa mkono wake mwenyewe ili mimi nisaini: kwamba Budeba alitia dawa kwa akili yake. Nilimwonyesha Budeba. "Saini tu, kaka," alisema. "Mimi narudi kwa ng'ombe. Ng'ombe hawaonji kahawa." Alikuwa anatania, lakini macho yake hayakucheka.

Karatasi iko mfukoni. Wageni wanafika kesho saa nne asubuhi. Tafadhali uwe unafunga mlango mapema.

Mwanao,
Anord


Ipogolo, 24 Septemba 2025

Anord mwanangu,

Kamwene, popote ulipo. Alhamisi imepita, Jumapili imepita. Namba yako haipatikani. Ambrosi anasema chumba chako kina kufuli. Barua hii nampa akutafute.

Juzi walikuja wanaume wawili na gari jeupe. Waliniamkia vizuri kabisa. Mmoja akauliza, "Mama, Anord hajakuachia karatasi yoyote?" Nikasema sijui karatasi, kaeni niwapikie kahawa. Walikataa. Wamesimama mlangoni kwa mama mzee, na kikombe wamekataa! Hapo ndipo nilipoogopa.

Juliana amehamia kwangu na panga lake na mdomo wake. Nimemwambia nusu. Nisamehe. Niandikie hata neno moja.

Shangazi yako,
Tekla


28 Septemba 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Ambrosi amenipata, akanipeleka pa kujificha, na barua yako nimeisoma mara nne.

Wageni walikuwa watatu, pamoja na afisa wa ukaguzi. Lugano alisimama nyuma yangu. Kibirika cha shaba kilikuwa tayari, iliki imetwangwa. Nikachukua chujio la karatasi.

"Karani," alisema polepole, "si hilo."

Nilimwaga maji nikizungusha. Mama mmoja mnunuzi aliinamia kikombe, akarudisha kichwa nyuma. "Nini hiki?"

Nikasema, "Ni dawa ya mahindi. Niliagiza mimi. Budeba alinitii tu. Msinywe."

Magunia yote sitini yalipigwa lakiri mchana uleule. Nilipotoka kwa mlango wa nyuma, Lugano alikuwa anaongea na simu huku ananiangalia.

Karatasi wanayoitafuta ninayo, sikuisaini. Tarehe sita Oktoba nitaitoa mkutanoni, mbele ya afisa na wakulima, na kosa langu nitalisema tena. Huenda nikafungwa. Huenda gari jeupe likanipata kabla. Naogopa sana, Shangazi, lakini tangu siku ile nalala.

Kunipata ni hivi. Usipige ile namba ya zamani. Barua mpe Ambrosi mwenyewe mkononi, si mwenzake, na juu usiandike jina langu. Andika "Mama Helena". Ni mama mkwe wa Ambrosi. Anapikia madereva wa malori kahawa ya sufuria pale Igawa, kwenye kibanda chenye turubai la bluu. Mimi niko nyuma ya pazia, natwanga. Ukija mwenyewe, njoo mchana na Juliana, panga libaki nyumbani. Usiniulizie. Kaeni kwenye benchi, agizeni kahawa. Atauliza, "Na iliki?" Madereva wote husema ndiyo. Wewe sema, "Bila."

Nitasikia. Nitatoka na vikombe, na changu nitakinywa kwanza.

Mwanao,
Anord