Gwaride Chini ya Jeneza

Evelina, tumemzika Faridi wetu, kwao Kolo. Ila alichofanya Anyitike bado siamini.

Unakumbuka alivyokuja chuoni mwaka 92, hana ndugu Dodoma nzima? Faridi ndiye aliyemwingiza bendi ya tarumbeta ya chuo, wakazunguka vijijini juu ya lori na zile sare za mitumba.

Leo tarumbeta tumeziacha garini, msiba wa Kiislamu. Anyitike na wenzake wa bendi wakapokea jeneza. Mara miguu ya Anyitike ikaanza gwaride. Gwaride, Evelina! Kushoto, kulia, jeneza linayumba, watu wanaguna.

Aligutuka, akasimama, machozi yanamtoka. “Mzee, naomba unisamehe.”

Baba yake Faridi akamwambia, “Tembea, mwanangu. Faridi alirudi nyumbani kutoka chuoni anatembea hivyo hivyo.”