Aliyeniita Mama kutoka Paani

Maskati

Mama yangu, shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma ni ya goti lako wewe, si ya goti la kila jirani, nakujua. Mimi afya ninayo, nakula, nafanya kazi, ila roho haijatulia, ndiyo maana leo nimeshika kalamu badala ya simu. Simu yako unaiweka sauti ya juu uani, nikikohoa tu Msimbati nzima inanipa pole. Barua hii akusomee wifi Sharifa, mke wa kaka, mkiwa ndani wawili tu, na mwanangu Zuhura akiwa shule. Inamhusu yeye.

Mara ya mwisho tuliachana vibaya. Nilikwambia mwanangu umemharibu, kwamba kila ukimpa simu anaiweka sikioni, ananyamaza, kisha anakurudishia. Miaka yote hii hajanijibu hata neno moja. Nilikasirika, nikasema bora nisaini mkataba mwingine, narudi kwa nani. Sasa sikiliza yaliyonikuta.

Huyu mtoto ninayemlea, Lamia, mama yake alimnunulia kitabu cha Kizungu cha yaya wa miujiza. Kwa kuwa wenyeji wangu asili yao ni Unguja, anamsomea huku akimgeuzia kwa Kiswahili, nami nasikia. Yaya anashuka na upepo, mwavuli mkononi, anawanyoosha watoto watundu, na upepo ukigeuka anaondoka zake. Ikaletwa pia sinema yake. Halafu wakatupeleka kwenye ukumbi mkubwa tukaona watu wanaigiza mambo yaleyale jukwaani. Mimi na Lamia tumebishana sana. Kitabuni yule yaya ni mkali, hajibu maswali, anajipenda kwenye kioo. Kwenye sinema wamemlainisha, anaimba na kutabasamu mpaka nikamshuku. Jukwaani walimrusha kwa waya, niliuona kwa macho yangu, nikanyamaza kwa ajili ya mtoto. Mimi nampenda wa kitabuni. Yaya wa kweli hana muda wa kuimba kutwa, kuna nguo za kupiga pasi.

Lakini kote anaondoka. Hilo ndilo lililomwingia Lamia. Alitusikia mimi na mama yake tukizungumza kuwa mkataba wangu unaisha Mfungo Mosi, na tangu hapo kila asubuhi anafungua pazia, ananiuliza upepo umegeuka au bado. Siku moja akaniuliza, "Dada, yule yaya ana mtoto wake?" Nikamwambia kitabu hakisemi. "Na sinema?" Nayo haisemi. Akaniangalia. "Sasa mbona wewe unaye?"

Nikaanza kukiogopa kile kitabu. Nikikikuta kitandani nakifunika kwa mto, maana kila nikiona picha ya yule mwanamke yuko angani, namwona pia mtoto aliyeachwa chini, upande ambao hawakuuchora.

Basi siku nyingine, baada ya sala ya alasiri, Lamia nilimwacha amelala. Bibi yake, Bi Mkubwa, yuko chumbani kwake na tasbihi. Mimi napiga pasi. Nikasikia naitwa. "Mama." Sauti ya mtoto wa kike, nyembamba, inatoka juu. Lamia huniita Dada. Mama yake, aliyekuwa kazini, Lamia humwita Mami. Katika nyumba ile hakuna mtu wa kuita Mama. Nikajua ni Zuhura. Usiniulize nilijuaje, sauti yake mwenyewe siijui.

Na wewe ndiye uliyenifundisha, tulipokuwa tunaokota chaza kwenye mikoko: ukiitwa na usiyemwona, usiitike, huyo si mtu. Nilishika mafunzo yako. Ikaita tena. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiyu, pasi mkononi, macho kwenye shati. Ikaita tena, sasa inalia. Sikuitika. Kisha nje ya dirisha nikaona mwavuli unaanguka, umefunguka, unashuka taratibu mpaka uani.

Nilipanda ngazi bila viatu. Nyumba za huku mapaa yake ni bapa, watu wanaanika nguo. Lamia alikuwa amevuka ule ukuta mdogo nyuma ya tangi la maji, ameketi ukingoni, miguu inaning'inia, hawezi kugeuka. Nilimkamata kwa nyuma, tukaanguka wote upande wa ndani. Hakuumia. Mimi nilichubuka viwiko na sikuhisi mpaka baadaye.

"Nimekuita sana," akasema. "Mbona hukuitika?"

"Ulikuwa unafanya nini huku?"

"Najaribu mwavuli. Ukienda kwenu nikufuate."

"Na Mama umeniita kwa nini?"

"Yule yaya hakuna anayemwita mama. Ndiyo maana anaondoka."

Nikamwambia kwamba kwetu ukiitwa na usiyemwona huitiki. Kabla sijamaliza kusema nikamwona Zuhura mawazoni, na kile kisimu chako cha tochi sikioni, amekodoa macho, amekaza midomo.

Mama, nisamehe kwa maneno yale. Hukumharibu mtoto, umemlea vizuri mno. Nimeondoka hajaanza kutembea, uso wangu haujui. Anaitwa na asiyemwona, naye anakaa kimya kama ulivyonifunza mimi. Huku nimemdhania mwanangu kuwa ni shetani, na huko yeye ananidhania mimi vilevile. Nimelia, Mama, mpaka Bi Mkubwa akadhani nimepata msiba.

Tangu siku ile sauti haijaacha. Nikishika pasi alasiri naisikia, na Lamia yuko mbele yangu anachora. Sasa naitika. Nasema "Abee" kwenye chumba kitupu. Bi Mkubwa akaniuliza namwitika nani. Nikasema, mwanangu. Akasogeza punje za tasbihi kwanza, ndipo akasema, "Basi nenda, usimchoshe."

Mama yake Lamia, nilipomweleza ya paani, hakunifokea, alilia tu. Karatasi za mkataba mpya ameniwekea mezani, na masharti yake ni mazuri kuliko ya mwanzo. Sikusaini. Lamia nimemwambia waziwazi mama yake akiwepo: naondoka kwa ndege, Idi ikipita, naye atanisindikiza mpaka uwanjani, tutaagana, atalia na mimi nitalia. Habari ya upepo haimo. Amenuna, hataki nimlishe. Inaniuma, sitakuficha, huyu nimemshika kitovu hakijakauka. Nimezungumza na mama yake ampeleke kwa watoto wenzake jioni, asibaki na kile kitabu peke yake.

Msalimie kaka huko Nanyamba anakopulizia mikorosho, mwambie ajifunge kitambaa puani, dawa ile si ya kuvuta. Msalimie mwalimu wa madrasa wa Zuhura, na jirani yetu muuza pweza, mwambie na huku pweza wapo ila hawajui kuwakaanga. Wifi Sharifa unayesoma, salamu zako ni hizi, na usimlize Mama.

Ombi langu ni moja. Siku nikifika, msimsukume. Msimwambie "haya, mkimbilie mama yako," na wanawake wa uani wasinipokee kwa vigelegele, watamtisha. Nitasimama penye mwanga, mtandio nimeushusha, aniangalie uso kwa muda anaotaka. Sitamwita. Akitaka aniite yeye, kwa jina lolote lile, nami nitaitika.

Mimi binti yako, Somoe,
na mama yake Zuhura, mwenyewe akikubali.