Tende ya Saa za Tanga

Shikamoo Mama,

Huku kusini, Jeppestown, mchana ni joto, na saumu zinakwenda vizuri isipokuwa ya jana. Kaka Salimu alinionya nisifungue mambo ya benki kwa wifi ya gesti bila VPN, ile programu inayoficha simu yako iko wapi. Jirani yangu Maman Neema, fundi cherehani kutoka Bukavu, akanisaidia kuchagua. Ya bure akaikataa: "Nayo inakula wapi? Itakula siri zako." Nikachukua ya kulipia. Ilipouliza ijifanye iko nchi gani, nikabonyeza nyumbani. Moyo tu, Mama.

Jana simu ikaadhini magharibi. Chumba changu kinatazama ukuta, basi nikapiga bismillahi, nikatia tende mdomoni. Maman Neema akapita mlangoni, akashtuka: "Dada, jua ingali pale!" Nikatoka mbio. Kweli, bado lilikuwa linawaka juu ya mabati. Simu iliamini niko Tanga, ikaniadhinia ya huko, ambako jua hutangulia kuzama.

Nililia kama mtoto. Yeye, Mkristo, akaacha cherehani, akaketi nami bila kugusa hata maji mpaka jua likazama.

Nchi nimeshabadilisha, na saumu nitailipa. Nibusie watoto. Ila usinionee huruma sana, Mama: dakika ile ile na wewe ulikuwa unatia tende yako mdomoni. Mwezi mzima huu, ni jana tu tumefuturu pamoja.

Mwanao, Mwanaidi