Vidole Viwili Visivyokunjika

Mpendwa Mama,

Hukujua kusoma. Barua zako zote ulisomewa na katekista, nawe ukiinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mvua ikija. Hii ningependa kukusomea mwenyewe, nimekaa kushoto kwako, upande wa mkono ule. Nimezeekea huku Kasama, nimesoma vitabu vingi, na bado sina pa kuanzia isipokuwa mkononi mwako.

Unakumbuka jinsi tulivyofundishwa Amri za Mungu pale kigangoni? Amri moja, kidole kimoja, kwa sababu vitabu havikutosha. Tulianza na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, tukikunja mpaka gumba, ambalo lilifunga ngumi kwa amri ya tano, Usiue. Aliyesahau amri alikinyoosha kidole chake, kikapigwa fimbo hicho hicho. Nilirudi nyumbani mara nyingi vidole vimevimba. Nilizijua amri zote kumi, na kila moja nilijua inavyouma.

Wewe hukuwa na fimbo. Ulikuwa ukisaga ulezi jiweni, unga umekujaa viganjani, unakunja kidole kimoja kimoja na kututajia, mimi na kaka Damasi. Siku moja nilikuuliza kama huogopi moto wa milele. Ulicheka mpaka ukaacha kusaga.

"Marehemu baba yako alikuwa hapendi mlenda," ukasema. "Tangu aniambie, sikuupika tena humu ndani. Kwani alinipiga? Hakunipiga hata siku moja."

"Kwa hiyo Mungu naye hapendi mlenda?"

"Ondoka hapa, mtoto mjinga we. Niletee maji."

Nilikuletea maji bila kuelewa. Kilichofuata miaka ile sipendi kukiandika, lakini wewe ulikuwepo, siwezi kukipamba.

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha pamoja, lori lilifika asubuhi, ulezi nusu ukiwa bado shambani. Ulisema utahama, ila uvune kwanza. Vijana wa mgambo walikuwa wameambiwa nyumba zisibaki, watu wasije wakarudi. Aliyetumwa kwetu alikuwa Faustini, jirani yetu, aliyekuwa akikaa benchi moja na Damasi kwenye mafundisho. Hakututazama. Alichomeka moto kwenye nyasi za paa, kisha akaligeukia ghala. Damasi akamshika mkono. Faustini akampiga rungu la kwanza begani, la pili sikioni, na la tatu akampiga akiwa ameshaanguka. Lile la tatu ndilo nililolala nalo miaka yote, kwa sababu halikuhitajika.

Wewe uliingia ndani ya moshi ukang'oa mlango. Tulipakiwa lorini sisi, kuku wanne, mlango ule, na Damasi akitokwa damu sikioni njia nzima. Aliishi siku mbili. Padre alikuwa akifika kigangoni mara moja kila baada ya miezi mitatu, na siku zile hakuwepo. Ulimshika Damasi mkono wa kushoto, ukamkunja vidole kimoja kimoja, ukimtajia. Ulipofika kwenye gumba alikuwa amekwisha kufa. Ulimalizia mkono wa kulia hivyo hivyo.

Miaka miwili baadaye njaa ilitubana. Mahindi ya kijiji yakapotea kwenye ghala la pamoja, na mlinzi wa ghala alikuwa Faustini. Jumapili, baada ya sala, wanaume saba tulimvizia kwenye njia ya mtoni. Wenzangu walitaka mahindi. Mimi nilikuwa na mpini wa jembe, na mahindi sikuyajali hata kidogo. Tulimpiga mpaka meno yakatoka. Nilisikia mbavu zikilia nikafurahi, Mama. Nakuambia kwa sababu sikupata kukuambia: nilifurahi. Kisha akatuponyoka, akakimbia kati ya zile nyumba zilizopangwa kwa mistari, damu imemfunga macho, akaingia kwenye mlango wa kwanza aliouona wazi. Ulikuwa mlango ule uliouokoa motoni.

Ulitoka ukasimama kizingitini.

"Mama, toka mlangoni," nikasema.

"Mlango wangu."

"Mama Damasi!" mmoja wetu akapiga kelele. "Huyo ndiye aliyemuua mwanao! Umesahau?"

"Nimzae mimi, unikumbushe wewe?"

"Basi mpikie na uji, ashibe!"

"Akiomba nitampikia."

Watu wawili walicheka. Mimi nililia kwa hasira. "Unampenda huyu, Mama? Huyu?"

"Simpendi," ukasema, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Nampenda aliyenikataza kumuua."

Faustini alikuwa ametambaa nyuma ya miguu yako. Nilikiona kichwa chake, nikauinua mpini, nikaushusha kwa nguvu zangu zote. Wewe ukaunyanyua mkono wako wa kushoto. Kidole cha shahada na gumba vilivunjika kwa sauti ya bua kavu la mtama. Nilikwenda kuvunja amri ya tano, nikavunja ya nne, ya kuwaheshimu baba na mama.

Wenzangu walitawanyika. Hukulia. Uliutazama mkono, ukanitazama mimi, ukasema, "Haya, kamwite yule bibi anayefunga mifupa."

Nilikwenda, Mama. Nilifika mpaka nyumbani kwa yule bibi. Alikuwa nje anachambua maharage, akanisalimu. Nikapita. Jioni nilikuwa Tunduma, nikachanganyika na watu waliotoka sokoni, nikavukia Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mpaka leo sijui nani alikwenda kumwita.

Binamu Agnesi, aliyekuwa akivuka na chumvi na vitenge, ndiye aliyenipata baada ya miaka mitatu. Akaniletea maneno yako: "Mwambie viwili havikunjiki tena. Nikitaja amri, ya nne na ya tano zinabaki zimesimama. Aje azikunje mwenyewe." Nilijua ulikuwa unacheka ulipoyasema. Sikuja.

Akaniletea na jingine. Kwamba Faustini, mbavu zilipopona, alianza kukupasulia kuni. Kwamba uliwahi kupika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, ukatia mirija miwili kwenye chungu kimoja, mmoja wako na mmoja wake, mkanywa mkitazamana. Kwetu hakuna anayenywa chungu kimoja na adui. Habari ile iliniuma kuliko rungu la tatu. Nilimfukuza Agnesi nyumbani kwangu, na miaka mingine sita ikapita.

Nilipokwenda kuungama, padre wa huku alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: "Mama yupo hai?" Nikasema yupo. Kitubio alichonipa kilikuwa nirudi kwako. Ningekubali kufunga mwezi mzima, kutembea kwa magoti. Hicho sikukitimiza. Ulikufa msimu wa palizi, habari zikanifikia ukiwa umeshazikwa.

Watoto wangu sikuwapiga. Niliunyanyua mkono mara nyingi, mimi ni mtu wa hasira, wajua. Kila mara niliviona vile viwili vimesimama kizingitini, nikaushusha. Si moto niliouogopa.

Mwezi uliopita nilikuja, Mama. Kaburi lako limepaliliwa. Nilimkuta anayelipalilia amekaa pembeni, mzee, mdomo umeporomoka kwa kukosa meno tuliyoyatoa sisi.

"Nani?" akauliza, maana macho nayo yamemwishia.

"Mdogo wake Damasi."

Akayasogeza magoti yake kando, kama anayempisha mtu akae. "Umekuja na mpini?"

"Nimekuja mikono mitupu."

"Basi leo nina chungu. Mwanao wa kike yule Agnesi amepika," akasema, akiwa amechanganya watu, kama wazee tunavyochanganya. Hakuniomba msamaha. Nami sikumwomba. Alitia mirija miwili, akaupapasa wa kwangu mpaka ukanielekea.

Nilidhani nitasikia kitu moyoni. Sikusikia. Nilimwona akinyonya pombe kwa ufizi, nikakumbuka rungu la tatu, na mkono wangu ukakaza. Nikauweka wa kushoto gotini, nikaanza kukunja kwa kidole kidogo, kama ulivyotufundisha. Nilipofika cha nne nilikikunja polepole. Cha tano kilinichukua muda. Nikakikunja, nikainama, nikanywa.

Faustini simpendi, Mama. Nakupenda wewe, na kwa uzee huu nimeanza kumpenda yule aliyekukataza. Ulale salama. Vyako viwili vilivyosimama, nimevikunja mimi.

Mwanao uliyemtuma akamwite bibi wa mifupa, akachelewa kurudi