Walioingia Bila Hodi

Mama yangu mpendwa,

Theluji imeanza tena hapa Brooklyn Center, ile laini inayoanguka bila haraka ya kufika chini, nami nimeikumbuka tamthilia yetu. Ile ya mji ambao watu wanapotelea nyuma ya mlango wa kijani, kwenye nchi ya ukungu ambako kila mtu huongea kwa sauti ya mwingine. Jumapili tukitoka kanisani, hata kitambaa cha kichwa hujavua, ulikuwa ushaketi kwenye kochi na chai yako, Neema kakulalia mapajani.

Nilikuwa nakusomea nadharia za mashabiki mtandaoni. Wengine walisema kule ni kuzimu, wengine kwamba yote ni ndoto ya mtu mmoja. Neema, mjukuu wako aliyekuita Shosho lakini asiyejibu kwa Kiswahili hata umbembeleze kwa mandazi, alikuwa upande wa ndoto: "Shosho, it's just a dream!" Wewe ukainyooshea runinga kidole.

"Ndoto gani? Si unaona wanaingia tu, hata hodi hawapigi? Nani aliwaambia karibu? Mtu asiyekaribishwa hajafika popote. Atazunguka tu humo."

Nilikucheka, mama. Lakini ya kwako ndiyo nadharia pekee niliyoiamini.

Ulituacha kabla ya kipindi cha mwisho, na tangu tukuzike nimeshindwa kuingia chumbani kwako. Nasimama mlangoni, napiga hodi mara tatu kama ulivyotulea, na kwa kuwa hakuna anayejibu, narudi jikoni. Nina hamu nawe, mama.

Leo nilipiga tena. Kimya. Nikarudia, kimya. Nikavuta pumzi nipige ya mwisho, na sauti ndogo ikatoka ndani: "Karibu."

Neema alikuwa kitandani kwako, kajifunika leso yako, kipindi cha mwisho kikisubiri kwenye simu. Akanisogezea nafasi. Nikamuuliza yeye alikaribishwa na nani. Akanishangaa, kana kwamba nimeuliza jina lake.

"Shosho," akasema, akabonyeza kioo cha simu.

Tulitazama mpaka mwisho, na mlango ule hawakuueleza. Sikujali. Najua huko ulikokwenda ulipiga hodi, mama, hukuingia tu. Ninachoomba ni kwamba hawakukuweka nje kwenye baridi, walikujibu upesi.

Kaa kitako, mama, unywe chai.

Mwanao,
Mama Neema