Waya katika Jile la Feza

Jumatatu, 1 Julai
Nimeshona pindo mbili; zipu ya sketi ya mama wa kwaya inangoja. Vidole vimekufa ganzi. Makala ya mbabula, mkaa wa jiko letu, yameisha mapema. Feza, binti yangu, yuko kitandani tangu jana, mifupa inamuuma. Selimundu hiyo, baridi ndiyo huiamsha. Jumatatu ijayo anaanza mtihani wa taifa, siku nne. Mwaka jana ugonjwa ulimwangusha siku ya pili. Akikosa tena, amesema shule basi. Huyo hasemi mara mbili.

Jumanne, 2 Julai
Nimeona kwenye simu: jile, yaani kizibao, lenye nyaya ndani, linapata joto kwa betri ya kuchajia simu. Cherehani ninayo. Nyaya je? Papa, baba yangu mzazi, amecheka. Yeye na miaka yake yote kwenye kiwanda cha shaba! Ameleta bunda la waya wa shaba, kalisugua kwa limau. "Mu Likasi njo tutakosa shaba?" Nimeshona hadi jioni.

Alhamisi, 4 Julai
Aibu. Jile limebaki baridi kama samaki wa ziwa Tshangalele. Betri ndiyo iliyowaka moto, nikaichomoa nikaitupa uani. Na Feza alikuwa amelivaa! Nimemfokea Papa mbele ya wateja. Ametoka bila kofia.

Ijumaa, 5 Julai
Papa amenuna. Fundi redio amenieleza: shaba inapitisha tu umeme, haibaki na joto. Joto liko kwenye waya wa pasi au wa resho, jiko la umeme, ule mgumu. Nimeichukia shaba. Imepita mikononi mwa Papa maisha yote, na mbabula yetu tupu.

Jumamosi, 6 Julai
Papa kaenda Kambove, karudi na resho mbovu. Kaiweka kando ya cherehani. Tumekata waya wake, nimeushona mgongoni kati ya vitambaa vizito. Shaba ya Papa inauletea umeme kutoka betri mpya mfukoni. Nimevaa mimi kwanza, saa nzima. Joto! Nimelia, mjinga mimi.

Jumapili, 7 Julai
Misa sikuisikia. Mkuu wa shule ameliona jile, amekubali Feza alivae mtihanini. Nimekagua mishono mara tano. Siwezi kukaa.

Jumanne, 9 Julai
Siku ya pili. Nimejichoma sindano mara mbili. Kila pikipiki ikisimama nje, moyo paa: wanamleta Feza! Karudi. Mzima.

Alhamisi, 11 Julai
Imeisha. Feza karudi kwa miguu yake, katundika jile msumarini, kala bukari, ugali wake wote. Papa kaligusa mgongoni, bado vuguvugu. Kauliza, polepole, kama shaba yake ilifanya kazi.

"Ilinipitisha, kambo," Feza kamjibu babu yake.

Papa kavaa kofia, katoka kuota jua. Zipu ya mama wa kwaya bado.