Mama Vipimo, Mwaka wa Kwanza Bila Wewe

Mpendwa Mama,

Mwaka umezunguka tangu ulipotutoka, na nyumba bado haijazoea. Asubuhi Baba bado anamimina chai vikombe viwili, kisha anakaa akikitazama cha pili kinavyopoa.

Wengi walikujua kwa jina la Mama Vipimo, wasijue vipimo vyenyewe. Kazi yako ilikuwa kwenye ile mashine ya maabara inayotambua chembe kwa uzito wake: ukiipa tone la damu ya mgonjwa, inasema dawa imo au haimo, ni kiasi gani, na mwili umeigeuza kuwa nini. Kwa ajili yake hukupaka mafuta mikononi, usije ukachafua sampuli. Mikono yako ilikwaruza, nasi tulilalamika. Leo tungetoa chochote itukwaruze tena.

Halafu utani wako. Baba akiapa kwamba amemeza vidonge vya presha, ulimuuliza taratibu kama yuko tayari kutolewa damu. Alivimeza papo hapo mbele yetu, amenuna.

Kisha ukaugua wewe. Ukaingizwa kwenye utafiti wa dawa mpya, na damu yako ikawa inapelekwa kwenye mashine yako mwenyewe, mikononi mwa binti wa maabara uliyemfundisha kazi. Hali ilipozidi kuwa mbaya, daktari alisema huenda dawa haifiki kwenye damu kwa kiasi cha kutosha; kama ni hivyo, dozi itaongezwa. Tukashikilia hapo hapo. Tuliomba kipimo kionyeshe dawa ni kidogo.

Binti hakutuma majibu. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni mwa wodi.

"Imo?" ukamuuliza.

"Imo, Mama. Kiasi kile kile kinachotakiwa. Nimerudia, nikidhani nimekosea."

"Hukukosea. Kaa, unywe maji."

Ukamshika mkono, mgonjwa ukimbembeleza mzima. Dawa ilikuwa imefika. Ugonjwa ndio uliokataa kuondoka. Hatujapata kuchukia jibu sahihi kama siku ile.

Hata hivyo ukakubali waendelee kuchukua damu. Mdogo wako alikasirika, akasema mishipa yenyewe imebaki nyuzi, wanatafuta nini tena. Ulimjibu kwamba atakayeugua baada yako asianzie gizani. Ulivyokuwa king'ang'anizi, nani angekuweza?

Kichupa cha mwisho kilipimwa ukiwa umeshazikwa. Binti alikuja kutuambia kwamba dawa ilikuwa bado imo. Baba akamuuliza kama ile damu imebaki, hata kidogo. Haikubaki, yote ilikwenda kwenye kipimo.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye vidonge anameza bila kuambiwa; na sisi wanao; na mdogo wako, aliyeacha kukasirika; na wajukuu zako; na binti wa maabara, ambaye siku hizi hapiti bila kuingia kutuamkia.

Pumzika, Mama. Maadamu tunapumua, hutasahaulika.